Kabla ya Kufunga Skrubu ya Gololi kwenye Mashine Kongwe ya Milingi: Ushauri kwa Mafundi Wapya

Vijana wengi wanaomaliza Chuo cha Ufundi Arusha au VETA na kuanza kazi katika karakana za Unga Limited, Themi au kule Moshi hukuta mashine za milingi za mkono, yaani za kukata chuma kwa kikatio kinachozunguka, ambazo umri wake unazidi wao. Ni mashine nzito na zenye chuma kizuri, lakini mkono wa kuzungushia skrubu ya meza unazunguka sehemu ya mzunguko mzima kabla meza haijatikisika. Baada ya muda kijana huona mtandaoni skrubu za gololi zinazouzwa kwa bei anayoweza kuimudu, na kumshauri mwenye karakana kwamba wakizifunga mashine itakuwa mpya. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Naandika kwa sababu nimeona skrubu nzuri zikifungwa kwenye mashine ambazo hazikuwa tayari kuzipokea, na fedha za karakana zikapotea bure.

Tuanze na namna skrubu hizi zinavyofanya kazi. Skrubu ya zamani yenye nyuzi pana husugua nati ya bronzi uso kwa uso, na kiasi cha asilimia 60 hadi 80 ya nguvu unayotia mkononi hupotea kwenye msuguano huo. Katika skrubu ya gololi, nati ina gololi ndogo za chuma kigumu zinazobingirika katika mfereji wa skrubu na kurudi mwanzo kupitia njia ya pembeni, hivyo karibu asilimia 90 ya nguvu hufika kwenye meza. Nati ikiwa imekazwa kiwandani, kwa kutumia gololi zilizozidi mfereji kwa kiasi kidogo sana au kwa kuunganisha nati mbili zinazosukumana, mchezo, yaani ule ulegevu kati ya nati na skrubu, huondoka kabisa.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba mchezo unaouhisi mkononi hautoki kwenye nati peke yake, na hili ndilo jambo ninalotaka ulielewe kabla ya kununua chochote. Chukua geji ya saa, yaani kipimo chenye sindano, ifunge kwa sumaku kwenye mwili wa mashine, na ncha yake iguse mwisho wa meza. Zungusha mkono upande mmoja hadi sindano isogee, weka pete ya vipimo iliyo kwenye mkono kwenye sifuri, kisha rudisha taratibu na usome pete pale sindano inapoanza kurudi. Hicho ndicho kiasi cha mchezo wote. Sasa hamisha geji uifunge kwenye meza, ncha yake iguse uso wa mwisho wa skrubu yenyewe, katikati kabisa, kisha mwombe mwenzako asukume na kuvuta meza kwa mtaimbo bila mtu yeyote kugusa mkono. Sindano ikicheza, skrubu yenyewe inasogea mbele na nyuma, na ubovu uko kwenye beringi za mwisho wa skrubu. Sindano ikitulia huku meza ikisogea, nati ndiyo iliyolika. Kwa mashine nyingi za zamani utakuta vyote viwili, na fundi atakayebadilisha skrubu huku akiacha beringi zile zile atabaki na sehemu kubwa ya mchezo aliotaka kuuondoa.

Baada ya hapo pima reli za kuteleza. Meza ya milingi hufanya kazi nyingi ikiwa katikati, kwa hiyo reli hulika zaidi hapo kuliko kwenye ncha. Kaza kabari inayobana meza kwenye reli hadi meza iwe imara katikati, kisha ipeleke hadi mwisho: ikigoma kwenda, reli zimelika na zinahitaji kukwanguliwa au kusagwa upya kabla ya jambo jingine. Skrubu ya gololi haiwezi kunyoosha reli. Isitoshe, reli zilizopinda huisukuma nati kwa ubavu, na nati ya gololi haivumilii msukumo wa ubavu kama ile ya bronzi. Gololi huchimba mfereji, na baada ya muda mfupi utaisikia ikikwaruza.

Ukiridhika na reli, jiulize kazi zenu ni zipi. Karakana inayochonga njia za funguo kwenye shafti za mashine za kusaga mahindi na kutengeneza vipuri vya mashine za kumenya kahawa inaweza kutosheka na nati mpya ya bronzi iliyopasuliwa ili ikazwe kila inapolika, pamoja na skeli za kielektroniki zinazosoma mwendo wa meza yenyewe. Mimi huwashauri wengi waanzie hapo, kwa kuwa nati hiyo inakerezwa hapa hapa mjini na hailazimu kugusa mwili wa mashine. Sababu ya kweli ya kwenda kwenye skrubu ya gololi ni mbili: unataka baadaye kuweka mota zinazoongozwa na kompyuta, au unataka kukata kwa kufuata mzunguko wa kikatio. Ukikata hivyo kwenye mashine yenye mchezo wa nusu milimita, kikatio huivuta meza ghafla, na jino lililopaswa kula 0.05 mm hulazimishwa kula mara kumi ya kiasi hicho. Kikatio huvunjika, na pengine kazi ya mteja huharibika nacho.

Ukiamua kuagiza, soma namba vizuri. Skrubu iliyoandikwa 2505 ina kipenyo cha milimita 25 na husogeza nati milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Daraja la usahihi la C7, ambalo ndilo la kawaida kwa skrubu ambazo mfereji wake umeviringishwa badala ya kusagwa, huruhusu kosa la 0.05 mm katika urefu wa milimita 300, na hilo linatosha kwa kazi nyingi za karakana zetu. C10 huruhusu 0.21 mm, nami nisingeiweka kwenye milingi. Mashine nyingi zilizotoka Uingereza au Marekani zina skrubu ya nyuzi 5 kwa inchi, yaani 5.08 mm kwa mzunguko. Ukifunga skrubu ya milimita 5 na kubaki na pete ya zamani, mizunguko 20 itakupa milimita 100 badala ya 101.6, na hakuna mteja atakayekubali shafti ya namna hiyo. Pete lazima ichongwe upya, au usome skeli za kielektroniki peke yake.

Tazama pia upande wa nyuzi. Skrubu ya kupeleka meza mbele na nyuma kwenye mashine za mkono kwa kawaida ina nyuzi za kushoto, ili ukizungusha kwa mwelekeo wa saa meza iende mbali nawe. Skrubu za gololi zinazopatikana kwa urahisi ni za kulia. Ukiifunga, mkono utafanya kazi kinyume na mazoea ya kila fundi katika karakana, na fundi aliyezoea akikosea karibu na kikatio kinachozunguka ni hatari. Ama agiza ya kushoto, ama bandika mshale mkubwa mwekundu na uwazoeze wenzako kabla ya kazi yoyote ya haraka.

Skrubu ikifika, ilaze kwenye vitalu viwili vya V na uizungushe chini ya geji ya saa, kwa sababu safari ndefu hupinda vitu virefu. Usitoe nati bila bomba lenye kipenyo kinachokaribia kile cha chini ya mfereji, la sivyo gololi zitamwagika sakafuni. Ncha za skrubu utakazozikereza ni ngumu juu na laini ndani; tumia kikatio cha kabaidi, kata taratibu, na ufunge nati kwa plastiki ili chenga zisiingie. Upande mmoja wa skrubu ubebwe na jozi ya beringi za pembe, zinazohimili msukumo wa urefu wa skrubu, zilizokazwa mgongo kwa mgongo, na upande wa pili uwe na beringi moja inayoachwa iteleze, ili skrubu ipate nafasi ya kurefuka inapopata joto. Mahali pa nati patahitaji kuchongwa kidogo, kwa kuwa nati ya gololi ni nene. Pima kwanza unene wa chuma kitakachobaki, kwa kuwa mwili uliopasuka haushoneki kirahisi.

Lililobaki ni la usalama, nami nalisisitiza. Skrubu ya zamani hujizuia yenyewe kwa msuguano; ya gololi haijizuii. Nguvu ya kikatio inaweza kuisukuma meza na kuuzungusha mkono wakati wewe umegeuka. Kwa hiyo kila mhimili, yaani kila upande wa mwendo wa meza, usiotumika ufungwe kwa kifungio chake, na vifungio vyenyewe vikaguliwe kabla ya kufunga skrubu mpya. Skrubu ya goti, ile sehemu inayobeba meza na kuipandisha na kuishusha, usiibadilishe hata kidogo kama huna breki au uzito wa kulisawazisha, kwa sababu goti lenye meza na kazi juu yake litashuka lenyewe.

Mwishoni funika skrubu kwa mikunjo ya mpira au bati linaloteleza. Vumbi letu la kiangazi, lenye chembe kali za volkeno, pamoja na chenga za chuma, huingia kwenye nati na kuimaliza. Tumia grisi ya lithiamu ya kawaida, usichanganye na yenye grafiti, na uhifadhi skrubu na nati za zamani zikiwa zimepakwa mafuta na kuandikwa jina la mashine, kwa kuwa kazi hii ikikwama kwa wiki mbili ukisubiri beringi, karakana itahitaji kuzirudisha ili kazi za wateja ziendelee.