Maswali ya Wasomaji: Niko field Arusha, nitajifunza wapi kupanda farasi?

SWALI: Wahariri, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu mwaka wa pili, Dar es Salaam. Julai nakwenda Arusha kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika ofisi ya serikali. Huku nimeshaanza kujifunza kupanda farasi: mwendo wa hatua namwongoza mwenyewe, na mwendo wa matiti, ule wa mrukoruko ulio kasi kuliko hatua, ndio kwanza naujaribu. Sipendi kukatiza. Nitapataje banda linalofundisha, na nitajuaje kama ni zuri? Sina gari.
Msomaji, Mbezi

JIBU: Marahaba. Mji umeupata. Farasi hawadumu penye mbung'o kwa sababu ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, lakini miteremko ya Meru ina ubaridi na malisho yanayowafaa. Utawakuta kwenye mashamba ya nje ya mji, hasa upande wa Usa River.

Tatizo ni kwamba wengi wenye farasi huko hawafundishi. Wanatembeza watalii, na matembezi si masomo. Kwenye msafara farasi wako anamfuata aliye mbele yake, kiongozi anaangalia njia, na wewe unajifunza kukaa tu. Kwa hiyo ukipiga simu, swali la kwanza liwe hili: "Mna farasi wa kufundishia, na mwalimu anasimama uwanjani na mwanafunzi?" Ukijibiwa kwa habari za machweo na mandhari ya mlima, shukuru na uendelee kutafuta.

Usitegemee matangazo peke yake. Duka la dawa za mifugo linajua nani anafuga farasi, kwa sababu dawa ya minyoo ya farasi hainunuliwi na mfuga ng'ombe. Daktari wa mifugo anayezunguka mashambani anajua zaidi, na anayejua kuliko wote ni fundi wa kwato: kila farasi humwona baada ya wiki sita hadi nane, na huona kwa macho yake nani anatunza na nani anapuuza. Anza kuulizia mapema, wiki tatu kabla ya kusafiri. Farasi watulivu wa kufundishia huwa wachache, na Jumamosi asubuhi hujaa haraka.

Ujumbe wako uwe na mambo yote ambayo mwalimu anayahitaji ili akuchagulie farasi. Kwa mfano: "Habari za kazi. Nina miaka 21, urefu sentimita 163, uzito kilo 58. Nimesoma masomo tisa. Hatua naweza bila kushikiwa, matiti naanza, sijawahi kukimbia. Nitakuwa Arusha wiki nane kuanzia Julai, nafasi yangu ni Jumamosi asubuhi na Jumatano kuanzia saa 11. Naomba kuja kutazama somo kabla ya kulipa." Usijipandishe daraja. Anayesema anaweza kukimbia hupewa farasi mwepesi, na farasi mwepesi haulizi cheti.

Kuhusu muda, piga hesabu vizuri. Ofisi nyingi za serikali hufunga saa 9:30. Vifodi, yaani daladala, vya Usa River ni vingi, lakini kutoka barabara kuu hadi shambani mara nyingi utahitaji boda, kwa hiyo usipange somo kabla ya saa 11. Na halitasogezwa mbele sana, kwa sababu mabanda mengi hupenda farasi wawe ndani kabla ya jua kuzama. Visubi wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika hutoka zaidi jioni hadi alfajiri. Banda likikukatalia somo la saa 12, jua unaongea na watu makini. Patana na boda wa kukurudisha kabla hujapanda farasi, maana giza likiingia njia za mashambani hazina usafiri.

Sasa siku ya kutazama. Fika nusu saa kabla ya somo, uone farasi akitandikwa. Akilaza masikio nyuma na kugeuza kichwa kutaka kuuma kila mkanda wa tumbo unapokazwa, huenda ana maumivu ya mgongo au tandiko halimkai. Tazama mabega, mgongo chini ya tandiko, nyuma ya kiwiko ambako mkanda hupita, na pembe za mdomo kwenye lijamu, yaani chuma cha mdomoni. Nywele nyeupe zilizoota vipandevipande ni alama ya vidonda vya zamani, na zinaweza kusamehewa. Kidonda kibichi kilichofunikwa na tandiko hakisameheki: ondoka.

Mwalimu naye mwangalie mikono. Anayejua kazi hukaza mkanda, humtembeza farasi dakika chache, kisha hukaza tena, kwa sababu farasi hujaza pumzi anapofungwa na mkanda hulegea baadaye. Tandiko likizunguka wakati wa kupanda, mara nyingi chanzo ni hicho. Mwanafunzi mgeni, hata aliyekwisha kuanza kama wewe, humweka kwanza kwenye kamba ndefu: mwalimu katikati, farasi akizunguka duara la mita 15 hadi 20. Dakika 30 za kamba zitakurekebisha makalio na visigino kuliko saa nzima ya kuzurura. Anayekutoa nje ya ua siku ya kwanza bila kukuona ukisimamisha farasi, usimpe pesa yako. Lipia somo moja, kisha ndipo uzungumzie bei ya masomo kumi, na uulize mapema mvua au ugonjwa wa farasi ukiingilia inakuwaje.

Vifaa si vingi. Suruali yoyote inayobana kidogo inafaa. Jinzi yenye mishono minene ya ndani itakuchubua magoti. Viatu viwe na kisigino cha sentimita 2 hadi 3 na soli laini. Vile vyeusi vya ngozi vya shule vinafaa kabisa. Raba zisizo na kisigino hupenya kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia, na ukianguka mguu unabaki humo na unaburutwa. Buti za kazini zenye meno makubwa nazo hunasa. Viatu tafuta hata mitumba ya soko la Kilombero hapo Arusha, lakini helmeti usinunue mitumba kamwe: povu la ndani likishapigwa mara moja linabonyea na halikingi tena, na kwa nje huoni ufa. Ya pikipiki pia haifai. Ni nzito na hukuzuia kugeuza shingo. Tumia ya banda, iwe ya farasi, isichezecheze ukitikisa kichwa. Kama unavaa hijabu, vaa nyepesi chini ya helmeti, bila pini, ncha zichomekwe. Julai asubuhi ni baridi, vaa jaketi lililofungwa zipu. Linalopepea humshtua farasi.

Kabla ya kusafiri, hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapita miaka 10, maana udongo wenye samadi ya farasi ndio makazi ya vijidudu vyake. Uliza pia kama bima yako ya afya inalipia kuanguka farasi.

SWALI: Naishi Moshi, nina kilo 96. Nimeambiwa ni mzito sana kwa farasi. Ni kweli?
Msomaji, Majengo

JIBU: Inategemea farasi. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Tandiko lina kilo 8 hivi, kwa hiyo jumla yako ni 104, na unahitaji farasi wa kilo 520 au zaidi, mwenye afya na mgongo mfupi imara. Wengi ni wadogo kuliko hapo. Taja uzito wako kwenye simu, usisubiri ufike. Tumia kigoda kupandia badala ya kujivuta kutoka chini, kwani kujivuta humpinda farasi mgongo. Kama banda halina farasi wa kukubeba, omba masomo ya chini: kumwongoza kwa kamba, kumpiga brashi, kusafisha kwato, kumtandika.