Kuchanganya insulini mbili kwenye bomba moja: mambo ya kushika kabla hujapangiwa zamu ya dawa

Mgonjwa wa kisukari ameandikiwa yuniti 8 za insulini ya muda mfupi na yuniti 18 za insulini ya muda wa kati, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Ili asichomwe mara mbili, unazivuta zote kwenye bomba moja. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini ina ugumu wake: insulini hizo zikishakutana ndani ya bomba, hakuna jicho litakalokuambia ipi ni kiasi gani. Bomba litasoma 26, na 26 hiyo inaweza kuwa 8 na 18, au 12 na 14. Usahihi wote unapatikana kabla tone la kwanza la insulini ya pili halijaingia. Baada ya hapo hakuna kurekebisha, ni kumwaga na kuanza upya.

Zijue kwanza zenyewe. Ya muda mfupi ni angavu kama maji. Inaanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, inapanda kileleni kati ya saa mbili na nne, na inaisha ndani ya saa nane. Ya muda wa kati, inayoandikwa NPH au isofeni kwenye kibandiko, ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Weupe huo ni fuwele ndogo za insulini iliyofungwa na protamini, protini inayotokana na samaki, pamoja na zinki kidogo. Ilitengenezwa Denmark mwaka 1946 kwenye maabara ya Hagedorn, na herufi H ya NPH ni ya jina lake. Fuwele hizo zinayeyuka polepole chini ya ngozi, ndiyo maana kazi yake inaanza kwa kuchelewa na kuendelea kutwa.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya angavu kwanza, nyeupe baadaye. Ukianza na nyeupe, sindano inabeba fuwele na protamini hadi kwenye kichupa cha angavu. Protamini inaikamata insulini iliyomo, na kidogo kidogo kichupa kizima kinapoteza kasi yake. Angavu ndiyo pekee kati ya hizi mbili inayoruhusiwa kupita kwenye mshipa, na ndiyo utakayoikimbilia mgonjwa akiletwa na sukari iliyopanda mpaka damu imejaa asidi. Kichupa kilichochafuliwa asubuhi na mtu aliyekuwa na haraka kinaweza kutumika usiku kwa mgonjwa wa namna hiyo. Ukikuta kichupa cha angavu kina ukungu, hata mwepesi, kitoe kwenye matumizi na uandike sababu. Usijiambie kwamba labda ni mwanga wa dirisha.

Bomba nalo linataka macho. Insulini nyingi sasa ni za yuniti 100 kwa mililita, kwa hiyo yuniti moja ni mililita 0.01. Bomba lake limeandikwa U-100 na kwa kawaida kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Mabomba ya U-40, ambayo kwa kawaida yana kifuniko chekundu, bado yanapatikana sehemu mbalimbali. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 40, umevuta mililita nzima, yaani yuniti 100, mara mbili na nusu ya ulichokusudia. Soma kichupa, soma bomba, hakikisha namba zinafanana. Angalia pia mistari: mabomba mengi ya mililita 1 yanahesabu mbili mbili, na ya nusu mililita yanahesabu moja moja. Dozi ya yuniti 7 kwenye bomba la mbili mbili ni kukisia. Tafuta bomba dogo.

Mabomba ya insulini yakiisha, kuna anayeshika bomba la kawaida la mililita 2 lenye sindano ya kuchomeka, akijisemea kuwa yuniti 26 ni mililita 0.26 tu. Kwa kuchanganya insulini, hilo usilifanye. Bomba la namna hiyo lina nafasi kwenye shingo yake na ndani ya sindano ambayo plunja, kile kijiti chenye mpira kinachovuta na kusukuma dawa, haiifikii, na nafasi hiyo inaweza kubeba takribani mililita 0.08, sawa na yuniti 8. Fuata hesabu. Umevuta angavu na kutoa hewa, plunja inasoma 8, lakini shingoni kuna 8 nyingine zisizohesabiwa. Ukianza kuvuta nyeupe mpaka 26, zile 8 za shingoni zinaingia ndani, na nafasi yake inachukuliwa na nyeupe. Ukichoma, mgonjwa anapata karibu 16 za angavu na 10 za nyeupe, na nyeupe iliyobaki inatupwa na sindano. Jumla ni ileile 26, ila sukari itashuka kabla ya saa nne asubuhi na kupanda jioni, na kila mtu atalaumu chakula. Bomba la insulini lina sindano iliyofungwa humo humo na nafasi hiyo karibu haipo. Kama halipo kabisa wodini, choma mara mbili.

Sasa mikono. Nawa. Viringisha kichupa cha nyeupe kati ya viganja mara kumi, kisha kigeuze juu chini mara kumi, mpaka weupe uwe sawa kote na chini kusibaki kitu kilichotuama. Usikitikise kama dawa ya kikohozi, povu likiingia utalivuta pamoja na dawa. Ukiona madonge yasiyovunjika, au chembe zimeganda kwenye kioo kama umande, kichupa hicho kimeharibika. Futa mpira wa vichupa vyote viwili kwa spiriti na usubiri ukauke.

Hewa ndiyo wengi wanaiona kuwa urembo, na ndiyo inayoharibu dozi. Kichupa kimezibwa: ukitoa maji bila kuingiza hewa, ndani kunabaki mvuto unaozuia plunja na kuleta viputo. Ukiingiza hewa kupita kiasi, kichupa kitasukuma dawa kwenye bomba chenyewe kabla hujavuta. Kwa dozi yetu, vuta hewa mpaka 18, kichupa cha nyeupe kikiwa kimesimama mezani, ingiza sindano, sukuma hewa, na ncha isiguse dawa. Toa sindano bila kuvuta chochote. Vuta hewa mpaka 8, ingiza kwenye kichupa cha angavu, sukuma. Sindano ikiwa bado humo, geuza kichupa juu chini, hakikisha ncha imezama, uvute angavu kupita kidogo 8, mpaka 12 hivi. Gonga bomba kwa kucha ili viputo vipande, virudishe kichupani, kisha teremka mpaka 8 kamili.

Soma bomba likiwa usawa wa macho, na usome ukingo wa juu wa mpira wa plunja, ule ulio upande wa sindano. Mpira una kingo mbili, na anayesoma ule wa chini anakosea kila siku kwa kiasi kilekile bila kujua. Kama kuna mwenzako karibu, huu ndio wakati wa kumwonyesha, angavu ikiwa peke yake. Uhakiki unaofanywa kwenye 26 unathibitisha jumla tu.

Toa sindano, geuza tena kichupa cha nyeupe mara moja mbili kwa sababu fuwele zinatuama upesi, halafu ingia ukiwa umeshikilia plunja kwa nguvu isisogee upande wowote. Ikisogea mbele, umemwaga angavu kwenye nyeupe. Ikirudi nyuma yenyewe, ulizidisha hewa. Kigeuze juu chini na uvute taratibu mpaka 26, usimame hapo. Ukifika 27, usirudishe ile moja, kwa sababu kinachorudi kichupani ni mchanganyiko na hujui umebeba kiasi gani cha kila moja. Vivyo hivyo kiputo kikubwa kikiingia sasa: chini ya ngozi hewa haidhuru, lakini imekalia nafasi ya dawa. Tupa, chukua bomba jipya. Wageni wengi wanaogopa kuonekana waharibifu. Yuniti 27 za insulini zinazotupwa ni chini ya theluthi moja ya mililita, na kichupa kina mililita 10.

Mchanganyiko huu ni wa kuchomwa papo hapo. Usiuvute ukauacha kwenye trei wakati unapima presha za vitanda sita. Pima sukari kabla hujavuta: ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, unatibu kushuka kwa sukari kwanza na kumwita daktari. Ulizia chakula pia. Mgonjwa anayeletewa uji na ndugu zake anaweza kuchelewa kula kwa saa nzima kwa sababu ya foleni getini, na insulini ya angavu haisubiri foleni. Chakula kikionekana ndipo uvute. Choma chini ya ngozi ya tumbo, paja au tako, subiri ukihesabu mpaka kumi kabla ya kutoa, na kesho sogea angalau upana wa kidole. Palipovimba na kuwa pagumu kwa kuchomwa mara kwa mara pananyonya dawa bila mpangilio, hata kama mgonjwa anapapenda kwa sababu hapaumi.

Usidhani kila insulini inachanganywa. Glajini, insulini ya muda mrefu, ni angavu pia, lakini imetengenezwa katika asidi ili igande chini ya ngozi na kuachia taratibu. Ikikutana na insulini nyingine bombani, mpango huo unavurugika. Detemiri nayo inachomwa peke yake. Kwa hiyo uangavu peke yake hautoshi, soma jina. Ile iliyochanganywa kiwandani, 30 kwa 70, yaani angavu 30 na nyeupe 70 katika kila yuniti 100, inavutwa kama ilivyo bila kuongezwa kitu.

Na ujuzi huu usiuhamishie dawa nyingine kwa mazoea. Ampisilini na jentamaisini, ambazo watoto wachanga wanaandikiwa pamoja kila siku, hazikai bomba moja: ampisilini inaidhoofisha jentamaisini. Seftriaksoni haikutanishwi na maji yenye kalsiamu kama Ringa, inaganda. Diazepamu haichanganywi na kitu. Kama hujaona maandishi ya mfamasia au mwongozo unaoruhusu, chukua bomba la pili.

Kwenye faili andika neno yuniti kwa ukamilifu. Herufi U ikiandikwa haraka baada ya 8 inasomeka 80, na zamu inayofuata itaamini ilichosoma. Andika kila insulini na kiasi chake kwa mstari wake, usiandike 26 peke yake.

Kichupa kipya kinapofunguliwa, weka tarehe juu yake siku hiyohiyo. Akiba inakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kinachotumika kinaweza kukaa nje penye ubaridi kwa wiki nne, halafu kinaondolewa hata kama kimebaki nusu. Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani na vichupa viwili asitoke mpaka amevuta mwenyewe mbele yako, kuanzia hewa ya nyeupe mpaka 26, na umpe nafasi ya kurudia ile sehemu ya kushikilia plunja, maana ndiyo inayowashinda wengi. Kama macho yake hayaoni mistari, mwambie daktari kabla karatasi ya ruhusa haijasainiwa, ili afikirie ile ya 30 kwa 70.