Mhusika Wangu Amemkana Mungu: Je, Nimetoka Katika Uislamu?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni msichana, nimo katika kundi la mtandaoni la kuigiza hadithi kwa kuandikiana. Kila mmoja ana mhusika wake, na hadithi inakwenda kwa zamu. Mhusika wangu ni bibi muuza sumu. Kuna mahali anamuuzia mtu sumu ya kumuulia nduguye, kisha anasema: "Angekuwapo Mungu, mkono wangu huu ungekauka zamani." Dada mmoja aliyeyasoma haya akaniambia nimekufuru, kwa kuwa neno la kufuru nimeliandika kwa hiari yangu, na akanitumia darsa inayosema kuigiza kote ni haramu. Nimetamka shahada mara nyingi lakini moyo hautulii. Leo ni siku ya arubaini sijaswali, kwani swala ya kafiri haikubaliwi. Watu wa kundi ndio marafiki pekee nilio nao. Wao wananijua kama muuguzi mwenye watoto wawili. Niliwaambia hivyo mwanzoni, nikakosa njia ya kurudi nyuma. Mmoja huniuliza kuhusu dawa za mwanawe, nami humjibu kwa ninayoyasoma mtandaoni. Je, nimetoka katika Uislamu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Binti yangu, hukutoka. Kabla hujaendelea kusoma, inuka utawadhe, uswali swala ya wakati huu uliomo, kisha urudi. Jibu litakungoja.

Nimeanza na hilo kwa sababu kilichonishtua katika barua yako ni hizo siku arubaini. Mtu amekuogopesha kwa jina la dini mpaka ukaiacha nguzo ya dini. Laiti dada yule angejua uzito wa alilolisema! Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayemwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo hurudi kwa mmoja wao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kumtoa Muislamu katika Uislamu ni hukumu wanayoitetemekea makadhi wakiwa na mashahidi mbele yao. Vipi anaitoa mtu kwa kupitisha jicho kwenye simu?

Sasa tuitazame hoja yake. Anasema neno la kufuru limeandikwa kwa mkono wako, basi ni lako. Je, imamu anaposoma Surat An-Naziat, akafika kwenye kauli ya Firauni, "Mimi ndiye mola wenu mkuu", hakuitamka kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya mihrabu, kwa tajwidi, na safu nzima nyuma yake imenyamaza? Iblisi naye anasema ndani ya Qur'ani, "Mimi ni bora kuliko yeye", na mtoto wa madrasa anaihifadhi kauli hiyo na kupewa hongera. Maneno ni ya aliyenasibishiwa. Ndiyo maana wanazuoni wakasema kwamba mwenye kunukuu ukafiri si kafiri.

Atajibu kwamba hiyo ni nukuu ya yaliyotokea, ilhali wewe umeyatunga. Basi na afungue mlango wa kuritadi, yaani kutoka katika Uislamu, katika kitabu chochote kikubwa cha fiqhi, elimu ya sheria za dini. Atakuta mafakihi wamepanga maneno kurasa kwa kurasa: mtu akisema hivi amekufuru, akisema vile amekufuru. Mengi katika hayo hayakusemwa na mtu yeyote. Faqihi ameyabuni kwa wino wake mwenyewe, akiwa ametulia, kwa hiari yake, ili afundishe. Hakuna aliyemwambia arudie shahada. Na tazama, sikukutetea kwa kisa cha Ammar bin Yasir na aya ya Surat An-Nahl, ingawa wapo wanaokimbilia huko katika mas-ala haya. Ammar aliteswa na kulazimishwa kutamka neno la kufuru, wewe hukulazimishwa na yeyote. Wewe unatetewa na jambo lililo wazi zaidi: yule bibi si wewe, na kila anayesoma anajua.

Ama ile darsa, wanaoharamisha kuigiza kote wamo wenye elimu, na mwanazuoni wa Saudia, Sheikh Bakr Abu Zayd, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliandika risala nzima juu ya jambo hili. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Wanasema ni uongo. Uongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwapo, na hapa hakuna anayeamini. Wanatoa hadithi ya Bi Aisha (r.a.), pale Mtume (s.a.w.) aliposema hapendi kumuiga mtu hata kama angepewa kadhaa na kadhaa. Hadithi hiyo ni juu ya kumuiga mtu halisi kwa kumdharau, yaani kusengenya, na ukimchora jirani yako ndani ya mhusika muovu ili kundi limcheke, itakugusa nawe. Lakini wamesahau ile iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu wa Bani Israili. Baada ya kuponywa, malaika aliwarudia kuwajaribu, kila mmoja kwa sura yake ya zamani, akasema: "Mimi ni mtu masikini, njia zimenikatikia safarini." Malaika si masikini, wala hajaishiwa masurufu. Mwandishi Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alimbuni mlaghai mwenye ufasaha, Abu Zayd wa Saruji, anayewalia watu machozi ya uongo na kuwatoa pesa zao. Vizazi vya wanafunzi wa dini walivihifadhi visa vyake hivyo, viitwavyo Maqama, ili wajifunze Kiarabu. Yeye mwenyewe katika utangulizi aliwajibu wapinzani wake kwamba amali ni kwa nia.

Hata hivyo mlango sijaufungua wote. Mwenyezi Mungu amewaambia waliosema "tulikuwa tukicheza tu": "Msitoe udhuru, mmekufuru baada ya kuamini kwenu" (At-Tawba, 66). Hao waliifanyia dini yenyewe maskhara. Kwa hiyo jiulize hadithi yenu inasimama upande wa nani. Kurasa ulizonitumia nimezisoma. Bibi yako anaipima sumu kwa mizani, anamtazama mteja machoni, kisha anamzidishia punje moja bila malipo. Mwili ulinisisimka, na nikamchukia. Uovu ukiandikwa ukachukiza, sioni ubaya. Ukiandikwa kejeli ya Mwenyezi Mungu au ya Mtume wake ili watu wacheke, ondoka hapo hata kama ni zamu yako.

Na jambo hili nalisema kwa mkazo, hata kama hukuliuliza. Katika makundi haya wahusika hupendana, na zamu za kuandikiana huingia chumbani. Wahusika hawana damu, ila wanaoandika wanayo. Mwanamume na mwanamke wasio mahram, saa nane za usiku, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana wanayofanyiana: hapo hakuna mhusika tena. Mtume (s.a.w.) amesema ulimi una zinaa yake, nayo ni maneno. Vidole siku hizi vimekuwa ndimi.

Sasa nifike kwenye yale ya muuguzi mwishoni mwa barua yako, uliyoyaandika kana kwamba ni jambo la pembeni. Umelia siku arubaini kwa ajili ya barakoa ambayo kila mtu anajua ni barakoa. Barakoa inayonitia hofu ni ya muuguzi, kwani hiyo umeivaa nje ya mchezo na watu wanaiamini. Hiyo ndiyo uongo. Na yule mama anampa mwanawe dawa kwa kutegemea neno lako! Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kujitia utabibu, naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini. Yaani likimpata mtoto jambo kwa ajili ya ushauri wako, dhima iko shingoni mwako. Bibi muuza sumu hajamdhuru mtu yeyote duniani. Muuguzi anaweza.

Sikulaumu kwa upweke wako. Nadhani ulisema hivyo kwa kuwa ulihisi msichana mtupu, asiye na kazi wala watoto, hatasikilizwa. Lakini hao wamependa uandishi wako, na huo ni wako kweli. Huenda wengine wakakasirika, na wana haki ya kukasirika. Watakaobaki, watabaki na wewe.

Swala zilizokupita utazilipa, maana ulikuwa Muislamu muda wote huo. Toa siku za hedhi, swala zilizobaki hazifiki mia mbili. Kila faridha uiswalipo, ongeza moja au mbili za kulipa, mpaka ziishe. Usijaribu kuzimaliza kwa usiku mmoja ukachoka ukaacha zote.

Na yule mama mwandikie leo, kabla ya zamu yako kundini, tena bila kupamba: "Mimi si muuguzi, nilikudanganya, nisamehe. Yote niliyokwambia kuhusu dawa usiyategemee. Mpeleke mtoto kwa daktari, umweleze kila ulichompa."

Wallahu aalam.