Jibu: Mtoto wa miaka 7 anataka kunifuata mawindoni

Ndugu, umeuliza kama mwanao wa miaka 7 ni mdogo mno kufuatana nawe mawindoni. Porini anaweza kwenda. Bunduki ndiyo isubiri, na umri wa kuishika uangalie sheria ya hapo ulipo. Safari za mwanzo acha silaha nyumbani kabisa. Mfundishe kusoma nyayo: alama ya ukwato yenye kingo kali bado ni mbichi, ila ikiwa na vitobo vya matone, ujue mnyama alipita kabla ya mvua. Mwambie arushe vumbi kidogo aone upepo unaelekea wapi, maana wanyama wengi humnusa mtu kabla hawajamwona. Watoto hulipenda sana hilo! Rudini akiwa bado ana hamu, hata ikiwa ni baada ya saa moja tu. Maji, kofia na kitu cha kutafuna visikosekane.

Siku utakayobeba bunduki, akuone ukihakikisha haina risasi, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Na mnyama akianguka, usimlazimishe mtoto kutazama wala usimfiche kilichotokea. Akilia mwache alie, na maswali yake umjibu ukweli.