Oktoba ya pinki: wasomaji wanauliza, wataalamu wanajibu

*Kikoba chetu kina shilingi 1,200,000 kwa ajili ya mwezi wa saratani ya matiti. Tumepanga matembezi, fulana 40 za pinki kwa 15,000 kila moja, na banda la kupima matiti Jumamosi. Tunaomba ushauri mapema tusije tukaharibu.*
Katibu wa kikoba, Morogoro

Katibu, fulana zisubiri. Anzeni na barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, wiki sita kabla. Ombeni wauguzi waliofundishwa kuchunguza matiti, na muulize ni hospitali gani itapokea rufaa na kliniki yake ni siku zipi. Bila majibu ya hayo mawili ya mwisho, ahirisheni banda. Kumwambia mtu ana uvimbe kisha kumwacha barabarani si msaada.

Halafu pigeni hesabu ya watu. Kuchunguza matiti yote mawili na makwapa, kuuliza maswali na kuandika, ni kama dakika 10. Muuguzi mmoja anamaliza watu sita kwa saa, yaani 30 kwa saa tano. Mkiwa na wauguzi wawili, toeni namba 60 na kuishia hapo. Mabanda mengi huharibikia kwenye spika: inatangazwa mtaa mzima, wanakuja 200, kila mmoja anapapaswa dakika tatu juu juu, anaondoka akiamini yuko salama. Huyo ni afadhali asingekuja kabisa, maana akigusa uvimbe mwezi wa pili atasema "si nilipimwa". Waliokosa namba waandikiwe tarehe ya kwenda kituo cha afya.

Banda liwe na pazia pande zote nne, kitanda, maji, sabuni na taa. Turubai lililo wazi upande mmoja linafukuza watu kimyakimya.

Kwenye daftari andikeni jina, umri, mtaa, titi lipi, uvimbe uko sehemu gani, una sentimita ngapi, na tarehe ya kliniki. Chukueni namba mbili za simu, na muulize kila mmoja kama ujumbe unaweza kuachwa kwa mwenye namba ya pili. Wapo ambao hawajamwambia mtu yeyote nyumbani.

Sasa pesa. Fulana zenu zinakula 600,000, nusu ya mfuko. Kateni vipande vya kitambaa cha pinki, mbandike kwa pini, na hizo 600,000 ziwe nauli ya kwenda na kurudi ya wenye rufaa na wasindikizaji wao, pamoja na kuchangia ultrasaundi. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna anayeweza kuapa hivyo kwa kugusa tu. Katibu upige simu baada ya siku 7, tena baada ya siku 14, hadi ujue kila mmoja amefika. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni mgonjwa awe na jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kwa mhudumu. Mkipima tarehe 10 Oktoba, siku ya 60 ni 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru. Mfuko usifungwe kabla ya hapo.

*Mama yangu mdogo ameambiwa achukuliwe kinyama cha titi. Ndugu wanakataa, wanasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa.*
Msomaji, Tanga

Sindano ya kuchukua kinyama haisambazi saratani. Imani hiyo tunajua inakotoka: mtu anafika amechelewa, anachukuliwa kinyama, majibu yanakawia miezi, ugonjwa unaendelea na safari yake, na lawama inakiangukia chuma.

Atachomwa ganzi, kisha sindano nene itatoa vipande vichache vyembamba. Kidonda ni kidogo, plasta inatosha, ingawa panaweza kuvilia damu kwa siku kadhaa. Kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla.

Hatari hasa iko kwenye chupa. Sehemu nyingi ndugu ndiye hukabidhiwa sampuli aipeleke maabara, na huko ndiko mambo yanakoharibika. Nyama inatakiwa kuingia kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, mara tu inapotoka, na formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Ikitiwa kwenye maji ya dripu, inaoza. Ikisahauliwa kabatini wiki mbili huku mnatafuta ada, kipimo cha homoni, kinachoonyesha kama saratani hiyo inatibika kwa vidonge vya homoni, kinaweza kudanganya, na mama akakosa vidonge ambavyo vingemfaa. Kwa hiyo uliza: humu ni formalini? Imetiwa saa ngapi? Na jina pamoja na upande wa titi viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Chupa isimame wima ndani ya mfuko, mbali na chakula, na isigandishwe.

*Matangazo yote ya Oktoba yanahimiza mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti. Huku kwetu mashine hiyo haipo. Tufanyeje?*
Mwalimu, Ngara

Mwezi huu ulianzia Marekani mwaka 1985, ukianzishwa na American Cancer Society pamoja na tawi la dawa la kampuni ya Imperial Chemical Industries, na kuhimiza mamogramu lilikuwa lengo tangu mwanzo. Tangazo limesafiri, mashine imebaki. Mamogramu inawafaa zaidi wanawake wa miaka 50 hadi 69. Matiti ya msichana yameshikana, na picha yake haisomeki vizuri. Kwake ultrasaundi ni bora.

Wafundishe wanafunzi na wazazi dalili: uvimbe mgumu, mara nyingi usiouma, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani karibuni, damu kwenye chuchu, uvimbe kwapani. Wajichunguze siku chache baada ya hedhi kwisha, kwani kabla ya hapo matiti hujaa na kuuma, mtu akatishika bure.

*Nina miaka 34. Nimeshauriwa kusubiri Januari, mwezi wa saratani ya mlango wa kizazi, nipimwe bure.*
Mama wa watoto watatu, Singida

Usisubiri. Ulizia kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu. Vituo vingi hupima mwaka mzima, na Januari foleni huwa ndefu. Usiende ukiwa kwenye hedhi, na usijisafishe ndani. Mlango wa kizazi hupakwa siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiriwa dakika moja, kisha huangaliwa kama kuna weupe, ambao huweza kuwa dalili ya mabadiliko yanayoelekea saratani. Mabaka meupe yanayofaa tiba hiyo huchomwa kwa joto siku hiyohiyo. Wanaoishi na VVU waanze wakiwa na miaka 25. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa hahitaji kampeni yoyote, aende sasa.

*Mimi ni mwanamume wa miaka 52, chuchu moja imeingia ndani. Wenzangu wananicheka.*
Msomaji, Mombasa

Ndugu, nenda wiki hii. Wanaume ni kama mmoja kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, na wengi huchelewa kwa sababu ya kicheko hichohicho. Ukiambiwa dirishani kwamba kliniki ya matiti ni ya kina mama, omba uandikishwe kliniki ya upasuaji.