Uliza Mwalimu: Watu wa Madagaska walitoka wapi hasa?

Toleo lililopita tuliweka picha ya wakulima wa Madagaska wakifukuza ng'ombe ndani ya shamba la mchele, na chini yake mistari minne tu, ati mababu zao walitoka Asia na Afrika, basi. Hiyo mistari minne imeleta barua nyingi kuliko makala yote ya bei ya unga. Nimechagua chache, na zingine nimezikata juu zilikuwa refu sana, mnisamehe.

*Mwalimu, habari ya saa hii. Mimi ni mtu wa boda hapa Kondele. Kuna video inazunguka ya wanafunzi wa Antananarivo, mmoja ukimwona unasema huyu ni wa Indonesia kabisa, mwenye amekaa kando yake ni kama ndugu yangu wa damu. Kwa steji tumebishana mpaka abiria wanatuacha. Hao watu wa Asia walivuka bahari yote hiyo aje, na kwa nini wapite huku kwetu waende kukaa kisiwani? – Boda, Kisumu*

Ndugu wa boda, hiyo video haiwadanganyi, macho yenu yako sawa. Kimalagasi, lugha yenye kisiwa kizima kinaongea, haitoki Afrika, ndugu yake wa karibu kabisa ni Kima'anyan, chenye kinaongewa na watu wa mto Barito, kusini mashariki mwa kisiwa cha Borneo. Mtaalamu wa Norway, Otto Christian Dahl, ndiye alionyesha hivyo vizuri 1951 na mpaka leo hajapinduliwa. Kutoka Borneo mpaka Madagaska ni zaidi ya kilomita 7,000 za maji, na kutoka Msumbiji mpaka Madagaska, pale penye bahari ni nyembamba, ni kama 400 tu, kwa hivyo shangaa vizuri, mtu wa mbali ndiye aliacha lugha yake hapo.

Lakini hao hawakuwa watu wa kushika mti wakaelea. Ni wale wa familia kubwa ya Waaustronesia, wenye mababu zao walianza kutoka Taiwan kama miaka 5,000 iliyopita, wakaingia Ufilipino, wakashuka Indonesia, halafu wengine wakaenda mashariki visiwa kwa visiwa mpaka Hawaii, Kisiwa cha Pasaka na Nyuzilandi. Wenye walikuja upande wetu walifika Madagaska kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Chombo chao kilikuwa na matengo, ile miti ya kuelea inafungwa ubavuni ndio kisipinduke, na hekalu la Borobudur pale Java, lenye lilijengwa karne ya 8 na ya 9, limechongwa meli kama hizo kwa ukuta wake, tanga na matengo unayaona wazi. Mwaka 2003 watu wakajenga meli wakifuata hiyo michoro, wakatoka nayo Indonesia, ikapitia Madagaska, ikazunguka Afrika Kusini na mwaka uliofuata ikafika Ghana. Kwa hivyo swali la kama inawezekana limefungwa. Mkondo wa bahari nao unasaidia, mlima wa Krakatoa ulipolipuka 1883 yale mawe mepesi yenye huelea yalibebwa na maji mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

Kuhusu kupita huku kwetu, nani amesema walipita tu? Kuna mwandishi wa karne ya 10, nahodha wa huko Ghuba ya Uajemi, ameandika kwamba mwaka 945 watu anawaita Waqwaq, wenye inadhaniwa ni hawa hawa Waaustronesia, walikuja na mashua kama 1,000 kushambulia mji wa Qanbalu, wenye wasomi wengi wanasema ulikuwa Pemba. Walipoulizwa mnataka nini wakasema pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa kufanya watumwa. Walisema wametembea bahari mwaka mzima. Hiyo hesabu ya mashua 1,000 mimi naipokea na chumvi, lakini orodha ya bidhaa ni ya mtu mwenye anajua soko.

*Mwalimu, mimi niko kidato cha nne hapa Nakuru. Binamu yangu anasema kisayansi imeonyeshwa Madagaska ilianzishwa na wanawake 30 wenye walipotea baharini na dhoruba wakiwa meli moja. Ni ukweli ama ni ya mtandao? – Kijana wa Bondeni*

Nusu ni ukweli, kijana wangu, nusu binamu ameongezea sukari. Utafiti wa 2012 ulichunguza DNA yenye inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa Wamalagasi wa leo, halafu kompyuta ikapigishwa hesabu kurudi nyuma. Jibu likawa kwamba kizazi kinaweza kuelezeka na wanawake waanzilishi kama 30, wengi sana wao wenye asili ya Indonesia, miaka kama 1,200 iliyopita. Sasa soma hapo polepole: 30 ni wale wenye uzao wao wa kike haujakatika mpaka leo. Mwenye alizaa wavulana pekee haonekani hapo, na mwenye hakuzaa haonekani. Hakuna pahali imesema meli moja.

Mimi hii stori ya dhoruba sijawahi kuipenda, inafanya watu wazima wakae kama mizigo yenye ilianguka kwa lori. Watu wenye wamepotea hawabebi mbegu za mchele, za pojo na za pamba. Pia Kimalagasi kina maneno ya Kimalei na ya Kijava, yenye yanaonyesha watu walikuwa wanaenda na kurudi ama wengine wanafuata. Na jambo lenye binamu yako ameruka kabisa: ukipima damu ya kisiwa kizima, zaidi ya nusu ni ya Afrika. Pwani ndio nyingi zaidi, milimani ya Asia inapanda. Sasa hao Waafrika nao walipotea na dhoruba gani?

*Mwalimu, salamu kutoka Ahero. Sisi hapa mchele ndio maisha, na kwa ile picha yenu niliona wanatumia ng'ombe pahali sisi tunatumia trakta. Nataka kujua kama ni kweli mchele uliletwa na hao watu. – Mama wa mchele*

Mama, asante, na nakuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Mradi wenu wa maji ya Nyando ni wa juzi tu, miaka ya 60, lakini huko Madagaska mchele ni wa zaidi ya miaka 1,000. Unajua wanajua aje? Wanachimba pahali watu wa zamani walikuwa wanapika, wanachukua ule mchanga wanauweka kwa ndoo ya maji na kukoroga, mchanga unaenda chini, mbegu zenye ziliungua zinaelea juu kama pumba, wanazichuja na kitambaa, zikauke, halafu mtu anakaa na darubini siku nzima akitenga punje moja moja. Matokeo yalitolewa 2016 kutoka vituo 18 vya pwani yetu, Komoro na Madagaska. Bara na visiwa vya karibu nalo, vyakula vingi vilikuwa vyetu, mtama na mawele. Ukifika Komoro na Madagaska, karne ya 8 mpaka ya 10, inageuka, ni mchele na pojo na pamba ya Asia. Huo ndio ushahidi wa kushikika wa kwanza, juu kabla ya hapo watu walikuwa wanategemea lugha, sura na DNA.

Sasa ile picha, mama. Wanafungulia maji mpaka shamba linakuwa tope, halafu wanaingiza ng'ombe kumi, ishirini, vijana wanapiga kelele nyuma yao, wanazungushwa na kuzungushwa mpaka tope linalainika kabisa, watu wanatoka hapo hata meno hayaonekani. Halafu wamama wanapanda miche. Mchele ni wa Asia, lakini yule ng'ombe mwenye nundu alitoka huku Afrika, na Wamalagasi wanamwita omby, nadhani hapo sihitaji kukutafsiria. Mbwa wanamwita amboa. Karibu mifugo yote majina yake yalivuka kutoka kwa Wabantu. Kwa hivyo mtu akikuambia Madagaska ni Asia yenye imepotea njia, mwambie aangalie hilo shamba, bila ng'ombe wa Mwafrika huo mchele haungepandwa hivyo.

Na miwa ya majirani wenu wa Chemelil na Muhoroni? Asili yake ni Guinea Mpya, na ni hawa hawa Waaustronesia wenye waliitembeza baharini mara ya kwanza. Nduma na ndizi pia ni za Asia.

*Babu yangu alikuwa mhunzi huko Samia, alivuta moto na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Je hao walijua chuma? – Mjukuu wa mhunzi, Busia*

Walijua, lakini kifaa ni kingine. Mhunzi wa Madagaska alisimamisha vigogo viwili vyenye vimetobolewa ndani, kila kimoja na mti wa kusukuma, kichwani umefungwa matambara ama manyoya uzibe hewa. Anavuta huu juu akishukisha ule, upepo hautulii. Aina hiyo utaipata Borneo na Sumatra. Ya babu yako ndio ya Afrika bara.

*Kabla ya Wafaransa walijitawala aje, walikuwa na mfalme mmoja ama ni koo koo kama huku kwetu? – Mzee wa Kakamega*

Shikamoo mzee. Walianza koo koo, na hadithi zao zinasema milimani walikuta watu wanaitwa Vazimba. Falme zilikuja baadaye na zilikuwa nyingi. Magharibi kulikuwa na Wasakalava, wenye walitajirika na ng'ombe na bunduki. Mashariki Wabetsimisaraka waliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 18 na Ratsimilaho, mtoto wa haramia Mwingereza na mama Mmalagasi. Milimani ni Wamerina, walijenga juu ya vilima na kuchimba mitaro mirefu kuzunguka boma, na mfalme wao Andrianjaka ndiye alichukua kilima cha Antananarivo kama mwaka 1610, akaanza kukausha vinamasi vya chini yake vilimwe mchele.

Mwenye aliwashika Wamerina wote pamoja ni Andrianampoinimerina, alitawala 1787 mpaka 1810, akasema mpaka wa shamba lake la mchele ni bahari. Mtoto wake Radama akaendelea. Lakini mzee, usidhani ilikuwa raha. Watu walikuwa wamepangwa kwa ngazi: andriana wakubwa, hova raia huru, na andevo watumwa, na mtumwa alibaki hivyo mpaka 1896 Wafaransa walipochukua kisiwa. Mpaka leo kuna familia milimani zenye bado zinauliza ukoo kabla ya kukubali bwana harusi. Pale kijijini chenye kilifanya kazi ni fokonolona, baraza la watu wenye wanashiriki ardhi na mababu, hapo ndio waliamua nani atatengeneza mfereji na nani amekosea. Na Wamalagasi wa pwani nao mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja na makundi ya mitumbwi kuvamia Komoro na pwani ya Afrika kuteka watu, hiyo mambo huwa hatuisemi sana.

*Ni kweli wanafukua wafu na kucheza nao? Huku Siaya hata kuongea hivyo ni shida. – Msomaji, Ugunja*

Ni kweli, inaitwa famadihana, na ni ya milimani, si kila kabila. Msimu wa kiangazi familia inafungua kaburi, wazee wao wanatolewa, wanavishwa kitambaa kipya, hariri ukiwa na pesa, wanabebwa mabegani na bendi inapiga, wanaambiwa habari za nyumbani, wanarudishwa kabla ya jua kuzama. Si kuchokoza wafu, ni kuwaheshimu, juu mzee akishafariki ndio anaanza kuwa na baraka ya kugawa. Huko Borneo pia kuna makabila yenye huzika mara mbili. Makanisa mengine yanakataza, na gharama yake inaumiza, kulisha kijiji siku mbili si mchezo, hapo Siaya mtaelewana nao vizuri sana.

*Kuna ndege alikuwa anabeba ndovu? – Darasa la sita, Njoro*

Hapana, watoto wangu, hakubeba ndovu na hata kuruka hakuweza. Lakini ndege mkubwa alikuwako, mrefu kama mita 3, na aliisha kama miaka 1,000 iliyopita, baada ya watu kufika, pamoja na viboko wadogo na lemuri wakubwa, wale jamaa wa nyani wa huko. Yai lake moja lilitosha mayai ya kuku kama 150. Hesabuni wenyewe hiyo ni chapati na mayai ya watu wangapi.