Saa ya sola inayojirekebisha kwa redio, ukiwa nayo Lamu

Saa ya Casio G-Shock ikiandikwa Multi-Band 6 usoni, muuzaji atakwambia kila usiku inajirekebisha yenyewe. Hasemi uongo, ila hakwambii inajirekebishia wapi. Ndani mna antena ndogo ya kunasa mawimbi marefu kutoka minara sita: Mainflingen huko Ujerumani (kilohezi 77.5), Anthorn Uingereza (60), Fort Collins Marekani (60), miwili Japani (40 na 60) na Shangqiu Uchina (68.5). Afrika hakuna hata mmoja. Ulio karibu nasi ni wa Ujerumani, ambao saa ya mkononi huutegemea hadi umbali wa kama kilomita 1,500. Kutoka huko hadi gati ya Lamu ni zaidi ya kilomita 6,500. Hata ukipanda nayo dari la makuti usiku wa manane ukaielekeza kaskazini, itahangaika dakika kadhaa kisha iandike ERR.

Kwa hiyo ukivaa saa hii Lamu au Malindi, umevaa saa ya kawaida ya kwatzi, yenye kosa la hadi sekunde 15 kwa mwezi. Si mbaya hata kidogo, lakini ujue unalipia nini. Kama bado hujanunua na huendi Ulaya wala Japani, G-Shock G-5600UE ina sola na ugumu ule ule bila redio, na kwa mkazi wa pwani hakuna kinachopungua. GW-M5610U ndiyo yenye redio, na inamfaa baharia au mtu wa safari. Anayetaka saa ijirekebishe hapa hapa atafute GW-B5600, ambayo huchukua saa kutoka kwa simu kwa Bluetooth. Hiyo haihitaji mnara. Inahitaji simu tu ambayo saa yake yenyewe iko sawa.

Tuseme tayari unayo. Kazi ya kwanza ni kuipa mji wa nyumbani. Bonyeza na ushikilie kitufe cha juu kushoto mpaka herufi tatu za mji zianze kuwakawaka, kisha tembeza kwa vitufe vya kulia hadi JED, yaani Jeddah, mji ulio saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa) kama sisi. Nairobi usiitafute kwenye modeli hizi. Kitufe cha chini kushoto kinakupeleka hatua inayofuata, ambayo ni DST, yaani kusogeza saa kwa msimu. Weka OFF na uiache hivyo, maana Kenya haisogezi saa mbele wala nyuma msimu wowote. Wapo wanaochagua Athens halafu wakawasha DST ili wapate tofauti ya saa tatu. Saa itasoma sawa, ila umeiambia kwamba iko ndani ya eneo la minara ya Ulaya. Kila usiku itaamka mara kadhaa kutafuta mawimbi yasiyokuwepo, ikila chaji bure. Moscow nayo tuiepuke: Urusi imebadilisha saa zake mara mbili tangu 2011, na saa iliyotengenezwa kati ya mabadiliko hayo inaweza kuihesabu kuwa saa nne mbele.

Baada ya mji na DST ndipo utafika kwenye sekunde. Zirekebishe mara moja kwa mwezi, au miezi miwili ukiwa mvumilivu. Fungua kwenye simu ukurasa unaoonyesha sekunde, ukihakikisha simu imewekwa kujipangia saa kupitia mtandao. Matangazo ya redio unayoyasikiliza kwa intaneti usiyatumie, hata kama wanapiga mlio wa saa, kwani sauti hufika ikiwa imechelewa. Sekunde zikiwa zinawakawaka, subiri 00 ya simu na ubonyeze kitufe cha kulia chini: zitarudi sifuri papo hapo. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukibonyeza sekunde za saa yako zikiwa kati ya 30 na 59, itaongeza dakika moja; zikiwa kati ya 00 na 29, dakika inabaki ilipo. Basi tazama na dakika pia kabla ya kutoka. Andika mahali saa imekosea sekunde ngapi kwa mwezi huo. Kosa la saa yako huwa halibadiliki sana, na ukijua yako hukimbia sekunde nane, huna haja ya kuiangalia kila wiki.

Kuna njia ya ujanja kwa wapenzi wa mambo haya. Zipo programu za simu zinazoiga mnara wa Japani: hutoa sauti ya theluthi ya masafa ya mnara, karibu kilohezi 13.3, na katika waya wa spika au wa vifaa vya masikioni huzaliwa wimbi dhaifu la kilohezi 40 ambalo antena ya saa hulinasa. Weka mji wa nyumbani TYO, yaani Tokyo, laza saa juu ya waya au kando ya spika, sauti hadi mwisho, ianzishe kupokea, na usiiguse kwa dakika saba. Ikiandika GET, rudisha mji JED na saa itajipangia ya hapa. Inafanya kazi, lakini kwa jambo ambalo kidole hulimaliza kwa nusu dakika, tunaiona ni mchezo zaidi kuliko haja.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni saa ya dunia, ile ya kuangalia mji mwingine. Iweke Tokyo, mfumo wa saa 12. Tokyo iko saa sita mbele yetu, na saa sita ndiyo tofauti kati ya saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili. Kwetu ikiwa 7:00 asubuhi, Tokyo inasoma 1:00. Kwetu 9:30 usiku, Tokyo 3:30. Umepata saa ya Kiswahili kwenye mkono bila kupiga hesabu, na Tokyo haina DST ya kuja kukuvurugia. Alama ya P itatokea mchana badala ya usiku, izoee tu. Kuna na la ziada kwenye modeli zinazoonyesha tarehe ya mji huo: tarehe ya Tokyo hugeuka hapa inapofika saa kumi na mbili jioni, jua linapotua, kama wazee wanavyohesabu kwamba usiku hutangulia mchana. Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, Tokyo tayari ni Jumanne. Ila usiifanye Tokyo kuwa mji wa nyumbani, maana kengele na kalenda vitaifuata, na utaamshwa saa isiyo yako.

Kwenye jua mtu angedhani Lamu hakuna la kusema. Mwongozo wa modeli hizi unataja kwamba dakika 5 za jua la nje kwa siku zinatosha kulipia matumizi ya siku hiyo. Jua la dirishani linataka dakika 24, dirisha siku ya mawingu 48, na taa ya ndani ya ofisi saa 8. Angalia tena namba hiyo ya mwisho, halafu uzifikirie nyumba zetu. Kuta nene za matumbawe, madirisha madogo, na saa inavuliwa na kuwekwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndani kabisa, mahali panapotaka taa mchana. Saa inayolala kwenye zidaka na kushinda chini ya mkono mrefu wa kanzu hula chaji bila kupata. Haitazima wiki hii, kwani ikijaa huweza kukaa miezi kama 10 bila mwanga, lakini kipimo cha chaji kitashuka polepole kutoka H (juu) hadi M (kati) hadi L (chini). Ikifika L, taa na milio hukatika, na watu hudhani saa imeharibika. Ikianza kuwasha CHG ujue imebakia kidogo. Dawa ni jua la siku kadhaa mfululizo, si la nusu saa. Ivuliwe barazani badala ya chumbani, uso ukitazama mwanga, imekwisha.

Jua nalo lina mpaka wake. Usiiache juu ya bati, juu ya dashibodi ya gari kule Mokowe, wala kwenye ubao wa mashua adhuhuri ukidhani unaichaji haraka. Ikipita nyuzi 60 kioo huweza kugeuka cheusi chote. Kikipoa hurudi, lakini betri iliyopikwa hivyo mara kwa mara hupoteza uwezo wa kushika chaji. Iweke kivulini penye mwanga mkali. Itajaa vile vile.

Kama kioo kinazima chenyewe usiku, hilo si tatizo. Ikikaa gizani kama saa moja baada ya saa nne usiku, hujifunga kuokoa chaji, na kitufe chochote huiamsha. Ikikaa gizani siku sita au saba hulala usingizi mzito zaidi. Ndani inaendelea kuhesabu.

Adui halisi wa saa hii hapa ni chumvi. Alama ya 20 BAR, kiwango cha kuhimili maji, inasema kuogelea na kuzamia hakuna neno, bora usibonyeze vitufe ukiwa ndani ya maji. Ni baada ya kutoka baharini ndipo inapoharibika: maji yakikauka, chumvi hubaki kwenye shina la kitufe na kwenye pini za mkanda. Kitufe huanza kuwa kigumu, kisha kinakwama kikiwa kimeingia. Ioshe siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvichumvi, na kuosha kwayo ni kama hujaosha. Tumia ya mvua au ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha. Itumbukize dakika tano, tikisa, sugua kwa mswaki laini kuzunguka vitufe na nyuma ya mkanda, ndipo sasa bonyeza kila kitufe mara kadhaa baada ya kuikausha. Pini za mkanda zitoe mara moja kwa mwaka kabla hazijagandana na kutu. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki: ipake kwanza, osha viganja, ndipo uvae saa. Petroli ya mashine ya boti na jasho huchakaza mkanda vile vile. Hata bila hayo, mpira huo huzeeka kwa joto na unyevu hadi ukatike kama biskuti. Fremu na mkanda vinauzwa kando, kwa hiyo usiitupe saa nzima.

Kengele ni tano, na hapa Lamu kila mtu anajua za nini: sala tano. Zipange lakini uzipitie kila baada ya wiki chache. Tuko karibu na ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana, ila adhuhuri yenyewe husogea: mwanzoni mwa Novemba jua hufika utosini karibu saa sita kamili, na katikati ya Februari karibu saa sita na nusu. Kengele ya Novemba ukiiacha hadi Februari itakuita nusu saa kabla ya wakati. Kihesabu cha kurudi nyuma nacho kina kazi kwa watu wa mashua: maji yakijaa kabisa, kiweke saa 6 na dakika 12, ndio takriban muda hadi yapwe. Kesho yake maji yatajaa yakiwa yamechelewa dakika kama 50. Anayepita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Pate anajua thamani ya dakika hizo.

Betri huisha nguvu baada ya miaka mingi, na hapa mwangalie fundi kwa makini. GW-M5610 inatumia CTL1616, ya kuchajika. CR1616 ya dukani ina umbo lile lile na itaingia bila shida, lakini haichajiki, na kuisukumia chaji ya sola ni hatari ya kuvuja. Mwambie fundi jina la betri kabla hajafungua. Akishaweka mpya, aunganishe kwa koleo ya chuma sehemu yenye alama ya AC ndani ya saa na upande chanya wa betri kwa sekunde mbili, la sivyo kioo kinaweza kubaki kitupu. Mpira wa kuzuia maji apake grisi ya silikoni kidogo, asiache hata unywele mmoja juu yake, na skrubu nne za nyuma azikaze kwa mshazari, kidogo kidogo. Mpira huo ubadilishwe kila miaka miwili au mitatu kama saa inaingia baharini.

Na ukiuziwa kwa bei ya kushangaza, igeuze. Nyuma kuna namba ndani ya kisanduku, 3159 kwa GW-M5610 na 3495 kwa GW-M5610U, na kwa namba hiyo unapata mwongozo wake. Kama vitufe havifuati mwongozo, si yenyewe. Njia nyingine ni kuifungia kwenye droo saa tano usiku. Baada ya saa moja na nusu, kipande cha bandia chenye sola ya kuchorwa kitakuwa bado kinaonyesha namba zake.